Mwanafunzi Aliyekwama Sekondari: Mwongozo wa Kutafuta Njia Mbadala ya Kumaliza Masomo

Mwanafunzi wa sekondari anaposhindwa kwenda na wenzake, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: humwongezea masomo ya ziada jioni, au humhamishia shule nyingine inayofanana kwa kila hali na ile aliyotoka. Yote mawili yanaweza kufaa ikiwa tatizo ni somo moja au mwalimu mmoja. Hayafai kitu ikiwa kinachomshinda ni utaratibu wenyewe, yaani darasa kubwa, ratiba isiyopinda, mada zinazopita kwa kasi ileile kwa kila mtu, na mtihani mmoja wa mwisho unaobeba hesabu ya miaka yote. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo zipo njia nyingine, na nyingi zina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani: jimbo la California nchini Marekani liliweka utaratibu wa shule za muda kwa vijana waliokuwa kazini mwaka 1919, na New Zealand ilianza kufundisha kwa barua watoto wa maeneo ya mbali mwaka 1922, kisha ikaongeza sekondari baadaye.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, au mwanafunzi mwenyewe ambaye umri wake unamruhusu kujisimamia. Hatua zake zinapaswa kufuatwa kwa mpangilio, kwa sababu kosa linaloonekana mara nyingi ni la kuruka: mzazi husikia habari za kituo fulani, hulipa ada, kisha ndipo anapouliza tatizo la mwanawe lilikuwa nini na cheti kitakachotolewa kinatambuliwa na nani. Maswali hayo mawili, la sababu na la cheti, ndiyo ncha mbili za kamba, na njia inayofaa ni ile inayozifikia zote mbili.

Hatua ya kwanza: Tafuta jina la tatizo

Neno "anafeli" halielezi chochote. Kusanya ripoti za mihula yote ambayo unaweza kuipata, hata za miaka ya mwisho ya shule ya msingi, uziweke mezani pamoja na rekodi ya mahudhurio, kisha utafute mahali ambapo mambo yalianza kubadilika. Alama zikishuka katika masomo yote ndani ya muhula mmoja, kwa kawaida kuna tukio nyuma yake: ugonjwa, msiba, wazazi kutengana, uonevu wa wenzake, ujauzito, dawa za kulevya, au sonona ambayo kwa kijana mara nyingi huonekana kama hasira au uvivu badala ya huzuni. Alama zikiwa zimeshuka polepole kwa miaka, na hasa katika hisabati, huenda kuna msingi uliopotea zamani, kwa mfano sehemu na desimali, na kila mada mpya imekuwa ikijengwa juu ya shimo hilo. Mwanafunzi anayeeleza vizuri kwa mdomo lakini anayeandika ukurasa usiosomeka, au anayesoma aya moja mara tatu bila kuielewa, anahitaji kupimwa na mtaalamu wa matatizo ya kujifunza, kwa kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, haihusiani na upungufu wa akili na haiondoki kwa kuadhibiwa.

Kabla ya yote hayo mpeleke apimwe macho na masikio. Ushauri huu ni mdogo kiasi kwamba watu huudharau, lakini kijana ambaye hajaona ubao vizuri kwa miaka miwili hatasema kwamba haoni, kwa sababu hajui wenzake wanaona nini.

Angalia pia usingizi. Vijana wa umri wa sekondari wanahitaji kati ya saa 8 na 10 za kulala, na saa ya mwili wao katika kipindi cha balehe husogea mbele, hivyo kwamba kulala mapema huwawia vigumu hata wakitaka. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi kwa sababu hiyo. Ikiwa mwanafunzi anashindwa vipindi vya asubuhi tu na anafanya vyema mchana, usitafute sababu ya mbali.

Lugha ya kufundishia ni sababu nyingine ambayo hutajwa mara chache kuliko inavyostahili. Nchini Tanzania, kwa mfano, mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika masomo karibu yote anapoingia kidato cha kwanza, na wapo wanaohesabiwa kuwa wazito wa fizikia au historia ilhali uzito wao ni wa lugha. Mtihani wake ni rahisi: mwulize swali lilelile la biolojia kwa lugha anayoimudu. Akijibu, umeshapata jina la tatizo, na njia mbadala utakayotafuta iwe ile inayompa muda wa kujenga lugha kwanza.

Kuhusu mazungumzo na kijana mwenyewe, usianze kwa kumuuliza kwa nini anafeli, kwa kuwa jibu la swali hilo ni kimya au uongo. Mwombe akusimulie siku moja ya shule tangu anapoingia getini mpaka anapotoka: anakaa wapi, anakaa na nani, kipindi gani hukiona kirefu, anakula na nani, ni mahali gani hapendi kupita. Mambo ambayo ripoti haiyajui hujitokeza katika simulizi hiyo, na ikibidi isimuliwe mara tatu katika siku tofauti, isimuliwe.

Hatua ya pili: Iombe shule ya sasa ibadilike kwanza

Kuhama ni gharama, na si ya fedha tu. Kwa hiyo, ukiwa na jina la tatizo mkononi, omba kikao na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, na upeleke maombi mahususi kwa maandishi: muda wa ziada katika mitihani, kupunguziwa idadi ya masomo ya hiari, kukaa mbele, kusomewa maswali, kubadilishiwa mkondo, kuhakikishiwa usalama dhidi ya mwanafunzi fulani anayemwonea, au kurudia mada za msingi na kikundi kidogo. Nchi nyingi zimejifunga kutoa marekebisho ya namna hii. Tamko la kimataifa la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka shule za kawaida zipokee watoto wote bila kujali hali zao, na nchini Marekani sheria iliyoanza mwaka 1975 inazilazimu shule za umma kumwandalia kila mwanafunzi mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu mpango wake binafsi wa masomo unaopitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Uliza sheria ya nchi yako inasema nini kabla ya kuingia kikaoni, kwa sababu ombi linalotaja kanuni husikilizwa tofauti na lile linalotaja uchungu wa mzazi peke yake.

Weka muda: muhula mmoja unatosha kuona kama kuna mabadiliko. Katika muda huo mwanafunzi aendelee kwenda shule, hata kama ni kwa kusuasua, na asiachishwe mpaka nafasi ya mahali pengine iwe imethibitishwa kwa barua. Sisemi hivyo kwa sababu ya nidhamu. Kijana anayekaa nyumbani "akisubiri tutafute" hupoteza mazoea ya kuamka na kutoka, huona aibu kukutana na wenzake, na kila mwezi unaopita humwongezea umbali wa kurudi.

Hatua ya tatu: Zijue njia zilizopo

Njia mbadala hutofautiana sana, na jina la nchi moja halina maana ileile katika nchi nyingine. Ukizitazama kwa kile zinachobadilisha, hata hivyo, utaziona zikijipanga.

Zipo zinazobadilisha ukubwa na uhusiano. Hizi ni shule ndogo ambamo kila mwalimu ana kikundi chake cha wanafunzi anachokilea kwa miaka kadhaa. Shule ya Met iliyofunguliwa Providence, katika jimbo la Rhode Island, mwaka 1996 inajulikana kwa mpango huo: wanafunzi takriban 15 hukaa na mshauri mmoja, na siku mbili za wiki hawako darasani bali wako kazini chini ya fundi, muuguzi, mwanasheria au mtu mwingine wa fani wanayoipenda. City-As-School ya New York, iliyoanza mwaka 1972, nayo hutoa sehemu ya masomo yake kwa njia ya mafunzo katika taasisi za jiji. Nchini Denmark kuna shule za bweni ziitwazo efterskole, ambazo ya kwanza ilianzishwa mwaka 1851, na ambako vijana wa miaka 14 hadi 18 hukaa mwaka mmoja au miwili wakisoma masomo ya kawaida pamoja na muziki, michezo au kazi za mikono kabla ya kuendelea na ngazi inayofuata. Njia hizi humfaa mwanafunzi aliyepotea katika umati, aliyeonewa, au aliyechoka na watu kumwona namba.

Zipo zinazobadilisha mahali na kasi, yaani elimu huria na masafa. India ina mfano mkubwa wa aina hii: taasisi ya taifa ya shule huria, NIOS, iliyoundwa mwaka 1989, humruhusu mwanafunzi kuchagua masomo, kuyafanyia mtihani moja moja, na kutumia hadi nafasi tisa ndani ya miaka mitano, huku alama za somo alilofaulu zikitunzwa mpaka amalize mengine. Meksiko imekuwa ikifundisha sekondari ya awali vijijini kwa televisheni tangu mwaka 1968, kwa mpango wa Telesecundaria, ambamo mwalimu mmoja husimamia masomo yote ya darasa lake. Tanzania ina Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambayo huendesha sekondari kwa njia huria kupitia vituo vyake, na asiyepitia shule ya kawaida hufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha hujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hizi humfaa mgonjwa wa muda mrefu, mzazi kijana, mwanamichezo, na anayelazimika kufanya kazi. Hazimfai, au tuseme hazimfai bila msaada mkubwa, kijana ambaye tatizo lake ni kushindwa kuanza kazi bila kusukumwa. Wazazi wengi hukosea hapa: humchukua mtoto asiyeweza kukaa na kitabu kwa nusu saa darasani, ambako kuna kengele na mwalimu, kisha humpa mpango unaodhani atakaa nacho saa nne peke yake.

Zipo zinazobadilisha maudhui, yaani ufundi stadi na uanagenzi. Ujerumani ni mfano unaotajwa kila mahali, ambako mwanagenzi hugawa wiki yake kati ya kampuni inayomlipa na chuo cha ufundi kwa muda wa kati ya miaka miwili na mitatu na nusu. Denmark iliunganisha mipango yake ya vijana wa chini ya miaka 25 ambao hawajamaliza masomo wala kupata kazi kuwa mfumo mmoja mwaka 2019, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hufanyika karakanani. Kosa la watu wengi ni kuiona njia hii kama adhabu ya waliofeli. Kijana anayepelekwa kujifunza umeme kwa sababu "darasani hawezi", ilhali hapendi umeme na ana shida ya hisabati isiyotibiwa, atakutana na hisabati ileile kwenye hesabu za waya na mzigo wa umeme.

Zipo, mwisho, zinazobadilisha mlango wa kutokea: mitihani ya kulinganisha elimu. GED ya Marekani iliundwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokatiza masomo, na leo ina mitihani minne, ya hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, ambayo inaweza kufanywa kwa nyakati tofauti. Humfaa aliyekaribia kumaliza, au mtu mzima anayejua anachokitaka. Kwa mwenye miaka 15 aliyekosa misingi, mtihani wa namna hii ni jina tu la tatizo lilelile.

Usisahau kwamba kurudi shule ya kawaida baada ya kukatiza ni njia pia. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha wasichana waliopata watoto tangu mwaka 1994, na Tanzania ilifungua mlango huo mnamo Novemba 2021. Msichana anayeambiwa kwamba kwake imebaki njia ya jioni peke yake apewe taarifa kamili kabla ya kuchagua.

Kufundishia nyumbani kunategemea sheria kuliko jambo lingine lolote: nchi nyingine huruhusu kwa taarifa tu, nyingine huhitaji ukaguzi, na Ujerumani kwa jumla hairuhusu. Anza na sheria, mengine yafuate.

Hatua ya nne: Fuatilia cheti mpaka mwisho wake

Hapa ndipo pesa na miaka ya watu hupotelea, kwa hiyo usione haya kuuliza kupita kiasi. Anza na mahali ambapo mwanafunzi anataka kufika, si na shule. Kama anataka uuguzi, tafuta chuo cha uuguzi ambacho angependa kujiunga nacho, soma sifa za udahili, kisha iulize ofisi ya udahili kwa maandishi kama wanapokea cheti kinachotolewa na njia unayoifikiria, na kwa masharti gani. Jibu la "ndiyo" la mdomo kutoka kwa mtu anayekuuzia kozi si jibu. Mifano ya tofauti zinazojificha ni mingi: vyuo vingi vya Marekani hupokea GED, lakini jeshi la nchi hiyo limezoea kuwaweka wenye cheti hicho katika daraja la pili nyuma ya waliohitimu sekondari, na kijana anayelitamani jeshi anapaswa kulijua hilo kabla hajaacha shule.

Swali la pili aulizwe mwenye mtihani, yaani baraza la mitihani au wizara, wala si kituo: je, kituo hiki kimesajiliwa, na kina ithibati ya nani? Shule za mtandaoni zinazotoa stashahada ya sekondari kwa wiki chache baada ya malipo zimekuwepo kwa miaka mingi, na huweka nembo za mashirika ya ithibati yaliyoundwa na wenye shule haohao. Dalili zake hujirudia: humaliza masomo yote kwa mtihani mmoja wa nyumbani, hutoa alama kwa "uzoefu wa maisha", na hukuomba ulipe leo kwa sababu punguzo linakwisha kesho.

Swali la tatu ni la masomo ya vitendo, na watahiniwa wa kujitegemea hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Kemia, fizikia, biolojia, kompyuta na sanaa za ufundi huhitaji maabara, karakana au kazi za mwaka mzima zinazosahihishwa na mwalimu, na si kila kituo kinachosajili watahiniwa wa nje kinazo. Baadhi ya mitihani ina suluhisho: IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, kwa mfano, ina karatasi ya maandishi inayoweza kuchukua nafasi ya mtihani wa vitendo katika masomo ya sayansi. Mingine haina. Anayelenga udaktari au uhandisi amalize swali hili kabla ya kujaza fomu, na ahakikishe kwamba chuo anachokitaka kinaridhika na suluhisho hilo.

Uliza pia tarehe za usajili na umri. Dirisha la kujisajili kama mtahiniwa wa nje huweza kufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, na aliyelikosa husubiri mwaka.

Hatua ya tano: Kitembelee kituo siku ya kawaida

Siku ya wageni haitakuonyesha kitu. Omba kwenda siku ya kazi, uende na mwanafunzi, na mkifika mtengane kwa muda ili yeye aongee na wanafunzi bila wewe kuwepo. Wewe muulize mkuu wa kituo mambo yenye namba: wangapi walianza mwaka juzi, wangapi wamemaliza, na walioacha waliachia wapi. Kituo kizuri kinaweza kuwa na idadi ya kukatisha tamaa, kwa sababu kinapokea waliokwisha kushindwa kwingine. Ila mkuu wake huijua idadi hiyo na ana maelezo. Kisichojua, au kinachosema "wote hufaulu", kiachwe. Uliza wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, walimu wamekaa kwa muda gani, na hasa swali hili: mwanafunzi asipoonekana kwa siku tatu, nani humpigia simu? Sijui swali linalofichua kituo zaidi ya hilo. Palipo na jibu lenye jina la mtu, pana uangalizi.

Tazama kama masomo yenyewe yapo. Katika nchi kadhaa jina "shule mbadala" limetumiwa kwa mahali pa kuwahifadhi wanafunzi ambao shule za kawaida hazikutaka tena kuwaona, wakijaziwa karatasi za mazoezi mpaka umri wa kuacha shule ufike. Omba kuona madaftari ya mwanafunzi wa mwaka wa pili: yamesahihishwa? Maswali ya muhula huu ni magumu kuliko ya muhula uliopita?

Neno la tahadhari kwa mzazi aliyefika mwisho wa subira. Kuna kambi na nyumba za bweni zinazojitangaza kwamba hunyoosha tabia kwa ukali, huzuia simu na kupunguza au kukataza ziara za wazazi. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilitoa taarifa iliyoeleza maelfu ya madai ya ukatili na baadhi ya vifo vya vijana katika vituo vya aina hiyo. Kituo chochote kinachokukataza kuongea na mwanao faraghani kiondoe kwenye orodha siku hiyohiyo, hata kama kina majengo mazuri na mapendekezo ya watu wazito.

Hatua ya sita: Hama kwa utaratibu

Chukua nakala zilizothibitishwa za matokeo ya kila mwaka, barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa, namba za mitihani ya taifa aliyokwisha kufanya, na taarifa za vipimo kama vipo. Aga rasmi. Mwanafunzi anayetoweka tu huandikwa mtoro, na katika nchi ambazo elimu ni lazima mpaka umri fulani, utoro huo unaweza kumletea mzazi kesi. Usigombane na shule unayoiacha hata kama ina makosa, kwa sababu utahitaji saini yake tena.

Hatua ya saba: Panga wiki kumi na mbili za kwanza

Mwanafunzi aliyeshindwa kwa miaka miwili huja na jeraha, na njia mpya haitamponya kwa kuwa mpya. Katika wiki mbili tatu za kwanza yeye hutaka kumjaribu kila mtu aone kama hapa pia atachekwa. Usimsajili masomo saba kwa kuhofia kwamba amechelewa. Aanze na matatu, na mojawapo liwe analoliweza, ili mwezi wa kwanza uwe na kitu cha kuonyesha. Penye utaratibu wa kutunza alama za somo moja moja, kama ule wa India, afanye mtihani wa masomo mawili mapema na yaliyobaki yafuate. Kwa muda huo kipimo kiwe mahudhurio na kazi zilizowasilishwa, na alama ziachwe mpaka mwezi wa tatu.

Anayesoma kwa masafa apewe vitu vitatu visivyo na mjadala: saa ya kuanza ileile kila siku, mahali pa kusomea pasipokuwa kitandani, na mtu mzima mmoja anayekutana naye ana kwa ana angalau mara moja kwa wiki kukagua kazi. Mtu huyo si lazima awe mzazi, na mara nyingi ni bora asiwe, kwa kuwa mzazi hubeba hofu yake mwenyewe kwenye kila swali. Binamu aliyemaliza chuo, mwalimu mstaafu au mkutubi anafaa. Kisha atafutiwe wenzake: timu ya mpira, kwaya, kikundi cha kujisomea. Upweke huwang'oa wanafunzi wa masafa hata pale ambapo masomo yenyewe hayakuwa yamewashinda.

Gharama, kwa ufupi: ada iliyotangazwa ni sehemu tu. Ongeza ada ya mtihani kwa kila somo, vitabu, intaneti, nauli ya kituo cha mtihani, maabara, na ada ya kurudia somo ambalo hakufaulu. Vituo vya umma na vyuo vya maendeleo ya jamii mara nyingi vina nafuu ambayo haitangazwi, kwa hiyo iombe.

Hatua ya nane: Kagua, kisha amua tena

Mwisho wa wiki ya kumi na mbili kaeni pamoja, mwanafunzi, mzazi na yule mtu mzima wa kila wiki, mkiwa na maswali yaleyale ya hatua ya kwanza. Sababu iliyomkwamisha imepungua? Kama aliondoka kwa uonevu na sasa analala vizuri na anaenda bila kusukumwa, njia inafanya kazi hata kama hisabati bado ni mbaya, na hisabati itafutiwe mwalimu. Kama alikuwa na tatizo la kusoma na kituo kipya hakijabadilisha namna anavyofundishwa kusoma, mmebadilisha jengo tu, na heri kulikiri hilo mapema kuliko kusubiri matokeo ya mwisho wa mwaka.

Kubadili tena si aibu, na milango haifungwi yote kwa umri. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilijengwa juu ya wazo la kupokea watu wasio na vyeti vya kuingilia chuo, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi kwa wale ambao sifa zao hazikutosha kuingia moja kwa moja. Hata hivyo, mwanafunzi wa miaka 16 asiambiwe hayo kama ruhusa ya kuahirisha. Kwenye kikao hicho cha wiki ya kumi na mbili andikeni tarehe ya usajili wa mtihani unaofuata, masomo atakayosajili, na jina la atakayekwenda naye kulipa, kisha karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo yeye mwenyewe ataiona kila asubuhi.